Babu wa chumba cha 14 anasali kwa Kijerumani, anatukana kwa Kirusi. Hawa ni watu gani?

Binti Singida ameandika:

Wakuu, shikamooni waliotangulia, wengine habari za jioni.

Niko Ujerumani mwaka wa pili sasa, nasomea uuguzi wa wazee. Wiki kadhaa tunakaa darasani, wiki kadhaa tunafanya kazi kwenye nyumba ya wazee. Huko kazini nimekutana na babu mmoja ambaye ananichanganya, na wenzangu hawanisaidii.

Jina lake sitalitaja. Ni la Kijerumani tupu, la kizamani, hata wenyeji wa hapa siku hizi hawawapi watoto wao. Amezaliwa 1935. Ana ugonjwa wa kusahau, ila si mchana kutwa, kuna saa anakuwa mzima kabisa.

Yaliyonishinda ni haya. Juzi tuligawa matunda baada ya chakula. Alipoona tikitimaji akapiga kofi mezani kwa furaha, "Arbus! Arbus!" Mimi Kijerumani changu ni cha darasani, neno hilo sijawahi kulisikia. Nikamuuliza mwenzangu, akacheka: "Huyo ni Mrusi, hapo kasema Kirusi, usihangaike naye." Babu alisikia. Akasukuma sahani, akasema polepole, kwa Kijerumani chake kizito: "Sisi ni Wajerumani." Hakula tena mpaka kesho yake.

La pili, anaficha mkate. Nikitandika kitanda nakuta vipande chini ya mto, vingine vimeota ukungu. Nimeambiwa nivitupe. Nikivitupa analia.

La tatu ndilo lililonifanya nije humu. Kila tarehe za mwanzo wa mwezi anavaa koti, anatia kitambulisho mfuko wa shati, anakwenda kukaa kwenye kiti nje ya ofisi ya msimamizi. Anangoja. Ukimuuliza anangoja nini anasema amekuja kusaini. Hakuna cha kusaini! Mwezi uliopita alikaa pale saa tatu nzima, akajikojolea, hataki kuinuka.

Usiku anasali kwa Kijerumani. Ukimgusa ghafla anatukana kwa Kirusi.

Wenzangu wanawaita "Russlanddeutsche", yaani Wajerumani wa Urusi, na mmoja alisema walikuja huku kufuata pensheni tu. Kuna anayejua historia yao? Naogopa kumuuliza mwenyewe nisije nikatonesha kidonda.

Fundi Redio:

Dada, hao ni mateka. Vita vya pili Mrusi aliwakamata Wajerumani kibao, wengine wakabaki kule wakaoa. Sasa wamerudi kwao. Simpo.

Mzee wa Alma-Ata:

Marahaba, mwanangu.

Fundi Redio, hapana. Huyo mzee amezaliwa 1935, vita vilipofika Urusi 1941 alikuwa na miaka sita. Mateka wa miaka sita? Hao walikuwa Urusi kabla hata nchi inayoitwa Ujerumani haijakuwepo.

Niseme nilikojulia haya. Serikali ilinipeleka Urusi ya Kisovieti kusomea udaktari wa mifugo. Mwaka mmoja wa lugha, kisha nikapangiwa Alma-Ata, wakati huo ndio mji mkuu wa Kazakhstan. Nilifika 1984 nikitarajia kukutana na Warusi na Wakazakhi. Chumbani nikapangwa na kijana mwenye jina la Kijerumani kama huyo babu yako. Nikamuuliza, wewe umetoka Ujerumani ya Mashariki? Akatoa pasi yake ya ndani, ile ya raia wa Kisovieti, akaniwekea kidole kwenye mstari wa utaifa. Ulikuwa umeandikwa: Mjerumani. Akaniambia, "Babu wa babu wa babu yangu alikuja kwa meli. Mimi Ujerumani siijui hata kwa picha." Basi miaka mitano niliishi na huyo bwana, na likizo nilikwenda kwao. Ninayoyasema mengine niliyasoma baadaye, mengine niliyala mezani kwao.

Mambo yalianza na mwanamke. Malkia Katarina wa Pili wa Urusi mwenyewe alikuwa Mjerumani, amezaliwa Stettin 1729, akaolewa Urusi akiwa msichana, akamwangusha mumewe 1762 akatawala yeye. Alikuwa na ardhi kubwa kando ya mto Volga, upande wa chini, na watu wachache wa kuilima. Julai 1763 akatoa tangazo kuwaita wageni. Vita vya Miaka Saba vilikuwa vimekwisha mwaka huohuo, vijiji vya Hesse na Palatinate, majimbo ya Kijerumani, vimefilisika, watu wana njaa. Tangazo lilikuwa tamu: nauli utalipiwa, dini yako utabaki nayo, miaka 30 bila kodi, na watoto wako hawataingia jeshini milele.

Watu kama 30,000 walikwenda. Wakapanda meli Lübeck, wakashuka Oranienbaum karibu na St. Petersburg, wakala kiapo, halafu safari ya bara na mito mpaka Saratov. Wengine walitumia mwaka mzima njiani, na wengi walizikwa humohumo njiani. Tangazo lilisema kila mtu atafanya kazi aitakayo. Walipofika, washona viatu, wafinyanzi, hata wale walioshindwa maisha mjini, wote wakaambiwa: lima. Nyumba walizoahidiwa hazipo. Baridi ya kwanza walichimba mashimo ardhini wakaishi humo kama panya.

Kijiji cha kwanza kiliitwa Dobrinka, Juni 1764. Baada ya miaka michache vikawa zaidi ya mia, pande zote mbili za mto: magharibi upande wa milima, mashariki upande wa mbuga.

Halafu hapa mwanangu sikiliza vizuri, maana historia hii wakiisimulia wenyewe mara nyingi wanairuka. Ile mbuga haikuwa tupu. Wakalmuki na Wakazakhi walikuwa wakilisha mifugo huko. Malkia hakuwaweka wale wakulima pale kwa mapenzi tu, aliwaweka kama boma. Kati ya 1774 na 1776 Wakazakhi walivamia vijiji vya upande wa mbuga, wakachukua watu mateka wakawauza kwenye masoko ya watumwa ya Asia ya Kati. Kwa hiyo sisi tuliokulia hadithi za Bagamoyo hatuna haja ya kufafanuliwa sana.

Nasimama hapa nikanywe dawa ya presha. Nitaendelea.

Mjukuu wa Songea:

Mzee heshima yako. Lakini mimi nauliza waziwazi: kwa nini tuhuzunike? Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga wazee wetu wa Kingoni pale Songea, machifu na manduna kwa makumi, siku moja. Kule kusini walichoma vyakula makusudi watu wafe njaa. Leo binti yetu anabeba kinyesi chao na bado tunaombwa machozi.

Binti Singida:

Kaka, naheshimu uchungu wako. Ila mimi sijaomba machozi. Nimeomba nijue kwa nini mtu anangoja kusaini.

Jirani wa Leganga:

Naingilia kidogo maana uzi huu umenigusa nilipo. Mimi ni mtu wa Usa River, chini ya Mlima Meru. Pale Leganga enzi za Mjerumani palikuwa na kijiji cha walowezi kikiitwa Leudorf. Kilipewa jina la afisa mmoja mstaafu wa kikoloni, Leue, ambaye ndiye aliyesukuma mpango. Na waliowekwa pale hawakutoka Berlin. Walikuwa hawahawa Wajerumani wa Urusi!

Serikali ya kikoloni ilidhani imepata mtaji: watu wagumu, wamezoea shida, wanalima wenyewe bila makeke. Wakaletwa Meru kwenye mwaka 1906, wakati huohuo ndugu zake Mjukuu wa Songea wanapigwa kusini, na ardhi waliyopewa ilikuwa imetwaliwa kwa Wameru. Hawakudumu. Mtu wa nyika ya ngano na theluji umweke kwenye migomba na homa, bila mtaji, bila barabara ya kupeleka mazao. Wengi walitawanyika ndani ya miaka michache, na walowezi wenzao waliotoka Ujerumani kwenyewe waliwadharau, wakiwaona ni washamba, nusu Warusi. Hiyo dharau ya "huyo ni Mrusi" dada anayoisimulia ilishawahi kusemwa hapa kwetu zaidi ya miaka mia iliyopita.

Baada ya Vita vya Kwanza Mwingereza akawafukuza Wajerumani wote Tanganyika. Kuanzia 1925 wakaruhusiwa kurudi, ndio wale wa kahawa za Oldeani. 1939 wakatiwa kizuizini tena. Ila hao ni hadithi nyingine.

Mzee wa Alma-Ata:

Jirani wa Leganga, umenifundisha kitu. Nilipita Usa River mara nyingi kwa kazi ya chanjo na sikujua.

Mjukuu wa Songea, sikukatazi kukumbuka. Bibi yangu alitoka Liwale, njaa ya wakati ule aliihadithia kila tulipobakiza chakula. Lakini huyu babu wa chumba cha 14 hakumnyonga mtu Songea. Wazee wake walikuwa Volga wakivuna ngano. Ukimhukumu kwa jina la kabila lililoandikwa kwenye pasi yake utakuwa umefanya kilekile alichofanyiwa. Ngoja nieleze.

Mwaka 1871 mambo mawili yalitokea. Kule magharibi ikazaliwa dola ya Ujerumani. Kule Urusi Tsar Aleksanda wa Pili akafuta haki maalumu za walowezi. Mwaka 1874 vijana wao wakaanza kuitwa jeshini. Ile "milele" ya malkia ilidumu miaka 111. Wengi wakaona bora kuhama tena: wakaenda Kansas na Nebraska, wengine Argentina na Brazili. Rafiki yangu alikuwa na ndugu wa ukoo Argentina ambao hajawahi kuwaona, walikuwa wakipeana barua kwa Kijerumani cha kijijini, maana ndiyo lugha pekee waliyobaki nayo pamoja.

Waliobaki walipita njaa kubwa ya 1921. Lakini pia walipata jamhuri yao. Lenin aliwapa mamlaka ya ndani 1918, na 1924 ikatangazwa Jamhuri ya Wajerumani wa Volga, ndani ya Urusi. Ilikuwa na mji mkuu wake, Engels, magazeti yake, shule na chuo kwa Kijerumani. Kufikia 1939 ilikuwa na watu laki sita, asilimia 60 hivi Wajerumani. Huko ndiko huyo babu alikozaliwa, kama kweli ni wa Volga. Na neno "arbus" linanifanya niamini ni wa Volga. Wenyewe walikuwa wakulima wakubwa wa matikiti. Walipofika kwa mara ya kwanza kwenye nyika ile wakakutana na tunda hilo, wakachukua jina la wenyeji, likaingia kwenye Kijerumani chao likakaa miaka mia mbili. Walipika maji yake mpaka yanakuwa asali nyeusi, wanapaka mkate. Mama wa rafiki yangu aliipika Alma-Ata pia, harufu yake kama miwa inapochemshwa. Kwa hiyo pale mezani, mwanangu, babu hakusema Kirusi. Alisema Kijerumani cha kwao.

Juni 1941 Hitler akaivamia Urusi. Tarehe 28 Agosti 1941 ikatoka amri kutoka Moscow: kati ya Wajerumani wa Volga wamo maelfu na makumi ya maelfu ya wahujumu na majasusi, na kwa kuwa hakuna aliyewaripoti, basi wote ni waficha maadui. Wote. Mtoto wa miaka sita naye kaficha jasusi. Kati ya tarehe 3 na 20 Septemba vijiji vyote vikaachwa vitupu. Watu zaidi ya laki nne walipakiwa kwenye mabehewa ya mizigo, wakapelekwa Siberia na Kazakhstan. Jamhuri ikafutwa kwenye ramani.

Bibi wa rafiki yangu alinisimulia siku ile jikoni kwao. Ilikuwa 25 Desemba, mapazia yamefungwa kwa sababu Krismasi haikuwa sikukuu ya serikali, tunakula keki yao yenye chenga za siagi na sukari juu. Akasema walipewa muda mfupi wa kufunga mizigo. Wenye nguruwe walichinja usiku kucha, wakatia nyama chumvi kwenye ndoo. Ngano ilikuwa bado uani. Kisha akaniuliza mimi, kwa kuwa nasomea mifugo: "Ng'ombe asipokamuliwa siku tatu anakuwaje?" Nikamjibu kitaalamu, kwamba kiwele kinavimba, kinapata moto, maziwa yanageuka usaha, ng'ombe analia. Akasema, "Tulipokuwa stesheni tulikuwa tunawasikia. Kijiji kizima." Nimetibu kiwele kwa miaka thelathini Morogoro na Kilosa, na kila mara nilikuwa namkumbuka yule bibi.

Sasa juu ya mkate. Januari 1942 wanaume wakachukuliwa kwenye kile walichokiita jeshi la kazi. Hata askari waliokuwa tayari wakimpigania Stalin mstari wa mbele walivuliwa bunduki wakapelekwa huko. Msidanganyike na neno jeshi. Wazee wetu waliopitia mashamba ya mkonge wangesema ni manamba, ila manamba ya ndani ya seng'enge, na mlinzi ana risasi. Kukata miti Urali, kuchimba makaa ya mawe, kujenga viwanda Chelyabinsk kwenye baridi ya kupasua mawe. Mkate ulipimwa kwa kazi: hukufikisha kiwango, unapunguziwa, ukipunguziwa unadhoofika, kesho hufikishi tena. Oktoba 1942 wakachukua na wanawake, kuanzia miaka 16 hadi 45. Aliyeachwa ni mwenye mimba au mwenye mtoto chini ya miaka mitatu. Babu yako alikuwa na miaka saba. Piga hesabu mwenyewe mama yake alikuwa wapi.

Watoto kama hao walibaki na mabibi, au na jirani yeyote. Na hapa ndipo historia inapogeuka kwa namna ambayo kila nikiikumbuka nanyamaza kidogo. Waliowapokea wengi wao Kazakhstan walikuwa Wakazakhi, watu ambao wenyewe walikuwa wametoka kufa njaa miaka ya 1931 hadi 1933. Rafiki yangu aliniambia mama yake alilelewa miaka miwili na mama mmoja wa Kikazakhi, akalala na watoto wake, akala walichokula. Vitukuu vya wale waliouzwa sokoni wamelishwa na vitukuu vya wale waliowauza. Hakuna aliyelizungumzia pale nyumbani, ila kila sikukuu yule mama wa Kikazakhi ndiye aliyekalishwa kiti cha mbele.

Na kusaini. Baada ya vita hawakuachiwa. Kila mahali walipopelekwa kulikuwa na komendanti, mkuu wa wahamishwa. Kuanzia miaka 16 kila mtu anakwenda mwenyewe ofisini kwake, kawaida kila mwezi, anasaini kwamba bado yupo. Hutoki eneo bila kibali, hata kwenda kumzika ndugu kijiji cha pili. Wakenya waliohadithiwa na wazee wao wataelewa nikisema kipande, ile hati ya enzi za Mwingereza. Novemba 1948 ikaja amri nyingine kwamba uhamisho huo ni wa milele (Warusi na milele yao!), na anayetoroka ni miaka 20 ya kazi ngumu.

Huyo babu alitimiza 16 mwaka 1951. Desemba 1955 ndipo walipofutiwa kusaini, na hapo pia walisainishwa karatasi ya mwisho kwamba hawatarudi Volga wala hawatadai mali. Kwa hiyo amesaini kwa mkono wake miaka minne hivi, ujana wake wote. Mwanangu, hangoji kitu ambacho hakipo. Anaogopa kuandikwa mtoro.

Fundi Redio:

Nimejifunza. Mzee, nafuta kauli ya mateka. Ila sasa hiyo pensheni ni kweli au si kweli?

Mzee wa Alma-Ata:

Fundi, kuna ukweli wa nusu kibaba.

1964 serikali ya Kisovieti ilikiri kwamba tuhuma za 1941 hazikuwa na msingi, lakini kurudi Volga ikakataa. 1972 ikaruhusu kuishi popote, jamhuri hawakurudishiwa. Hesabu ya watu ya 1989 ilikuta Wajerumani milioni mbili nchi nzima ya Kisovieti, karibu milioni moja wako Kazakhstan. Milango ilipofunguliwa wakaondoka kama maji. Mwaka 1994 peke yake zaidi ya laki mbili waliingia Ujerumani. Rafiki yangu alikuwa ametangulia, 1990, mwaka uleule niliorudi nyumbani. Leo waliobaki Kazakhstan ni laki mbili na ushee.

Sheria ya Ujerumani iliwapokea kama warejeaji, kwa sababu walikuwa wameteswa kwa kuwa ni Wajerumani. Wengi walipitia kambi ya mapokezi ya Friedland. Wakabadilisha majina, Ivan akawa Johann, Yevgeni akawa Eugen. Pensheni wanapata, ndiyo. Lakini tangu 1996 miaka waliyofanya kazi kule inahesabiwa kwa asilimia 60 tu. Rafiki yangu alikuwa daktari wa mifugo mwenye shahada kama yangu. Vyeti vyake havikukubaliwa, akafanya kazi ya kupakia mizigo ghalani mpaka alipostaafu. Aliwahi kuniandikia kwamba kule waliitwa mafashisti, huku wanaitwa Warusi. Baadaye nikagundua ni msemo wao wote, kila familia inao.

Binti, mimi si muuguzi wa watu, nimezoea wagonjwa wasiosema. Lakini ningekuwa wewe, mkate nisingeutupa mbele yake. Mpe kimkebe chenye mfuniko, kiwe chake, ubadilishe vipande akiwa bafuni. Na hiyo tarehe ya mwanzo wa mwezi, mtengenezee daftari. Mistari, tarehe, nafasi ya saini. Zungumza kwanza na msimamizi wako usije ukaonekana unamcheza mzee. Na usimguse ghafla usiku. Kwanza sema jina lake, halafu washa taa.

Mjukuu wa Songea:

Mzee, nimesoma mara mbili. Bado nina uchungu wangu, ila sina ugomvi na huyo babu. Hiyo ya ng'ombe imenikaa.

Binti Singida:

Shikamoo mzee wangu. Samahani nimechelewa kurudi, nilikuwa zamu za usiku wiki nzima.

Msimamizi nilimwambia. Mwanzoni alinitazama tu. Halafu akasema yeye ameishi hapa miaka hamsini na hajui tarehe 28 Agosti ni nini. Ameniruhusu. Daftari nimenunua dukani, la jalada la kijani, nikapiga mistari kwa rula. Tarehe mosi babu akaja na koti lake. Nikampa kalamu. Alisaini taratibu, herufi nzuri sana kuliko zangu, kisha akakagua mistari ya juu iliyo mitupu akauliza wengine wako wapi. Nikamwambia leo ni wewe wa kwanza. Akainuka akaenda zake kunywa kahawa! Dakika tano. Nilijifungia chooni nikalia.

Kimkebe nacho anacho. Usiku anakitikisa asikie kama kuna kitu ndani, ndipo analala.

Jana nilimletea tikitimaji nimenunua mwenyewe, la Hispania, halina utamu. Nikasema, "Babu, Arbus." Akacheka mpaka meno ya bandia yakalegea. Akala vipande vitatu, mbegu anatema kiganjani, amezifunga kwenye karatasi. Akaniuliza nimetoka wapi. Nikasema Afrika, mbali. Akaniuliza kama na mimi nililetwa kwa treni. Nikasema kwa ndege. Akafikiri, akaniuliza walinipa muda gani wa kufunga mizigo.

Nikasema miezi minne, maana viza yangu ilichelewa.

Akatikisa kichwa. Akasema miezi minne ni mingi, hapo mngewahi kuchinja nguruwe wote na kuwakamua ng'ombe.